Freddie Mercury: Mzaliwa wa Zanzibar aliyetikisa majukwaa ya roki

JINA alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara, lakini mashabiki wa muziki wa roki wanamkumbuka kwa jina la Freddie Mercury. Alizaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, katika familia ya Waparsi wenye asili ya Gujarat, India. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni.

Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India. Huko alipiga piano katika The Hectics, bendi ya wanafunzi. Alirejea Zanzibar mwaka 1963, lakini Mapinduzi ya Januari 1964 yaliifanya familia hiyo ikimbilie Uingereza na kuweka makazi Feltham, magharibi mwa London.

Alihitimu masomo ya usanifu wa michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing mwaka 1969. Aliimba katika bendi ya Ibex, iliyobadili jina kuwa Wreckage, kisha Sour Milk Sea. Zote hazikufika mbali. Mwaka 1970 alijiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, ambao mwimbaji wao alikuwa amejiondoa, na akalipa kundi hilo jina la Queen. Mpiga besi John Deacon aliwakamilisha mwaka 1971.

Mwaka 1975 alitunga Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita uliohofiwa kuwa mrefu mno kwa redio. Ulikaa kileleni Uingereza kwa wiki tisa.

Aprili 1985 alitoa albamu yake binafsi, Mr. Bad Guy, lakini haikufikia mafanikio ya zile za Queen. Julai 13 mwaka huohuo alipanda jukwaani na wenzake Wembley, katika tamasha la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Dakika kama 20 zilitosha kuirudisha Queen juu. Mwaka 1988 alithubutu tena nje ya bendi, akatoa albamu ya Barcelona pamoja na mwimbaji wa opera wa Hispania, Montserrat Caballé.

Wakati huo alikuwa akiuficha ugonjwa wake, katika zama ambazo wagonjwa wa Ukimwi walinyanyapaliwa vikali. Aliendelea kurekodi hadi mwaka 1991 huku nguvu zikimwishia. Novemba 23, 1991 aliutangazia umma kuwa ana Ukimwi; siku iliyofuata akafariki dunia, akiwa na miaka 45.

Aprili 20, 1992, wenzake waliandaa tamasha la kumkumbuka Wembley, na mapato yake yakaanzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo.

Kisiwani alikozaliwa, kumbukumbu yake haikupokewa kwa kauli moja. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na kundi la Kiislamu. Hata hivyo, mwaka 2019 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe.