Benjamin Franklin na Radi

Benjamin Franklin alizaliwa mwaka 1706 mjini Boston, Marekani. Baba yake alitengeneza sabuni na mishumaa. Benjamin aliacha shule akiwa na miaka 10, lakini hakuacha kusoma. Akawa mpiga chapa.

Siku hizo watu waliogopa radi bila kujua ni kitu gani. Mwaka 1752 Franklin alirusha tiara wakati wa ngurumo. Umeme wa mawingu ukashuka kwenye uzi uliolowa. Hivyo alionyesha kuwa radi ni umeme. Hakuna jirani anayeituma. Lakini usijaribu jambo hilo. Mwaka 1753 mtaalamu Georg Richmann alikufa huko Urusi akipima umeme wa mawingu.

Franklin alibuni kinga ya radi. Ni fimbo ya chuma juu ya paa, yenye waya mnene hadi ardhini. Radi hupita humo, na nyumba husalimika. Franklin alifariki mwaka 1790.

Kinga hiyo peke yake haitoshi kulinda redio, televisheni wala kompyuta. Radi huweza kuingia kwa nyaya za umeme. Hapa Dutwa, ukiona wingu la mvua linakuja, chomoa vyombo hivyo mapema. Ngurumo ikianza, usiviguse.