Kodhek na heshima ya muhuri

Si zamani sana nilitoka kwangu Shauri Moyo, nikashika njia ya katikati ya jiji kumtafuta wakili anithibitishie hati ya kiapo. Jina langu katika cheti cha kuzaliwa halikulingana na lile la kitambulisho, nami nilitakiwa kuapa kwamba majina yote mawili ni yangu. Wakili niliyempata hakuniapisha, wala hakuniuliza kama niliyoyaandika ni ya kweli. Aligonga muhuri, akapokea fedha, akamwita aliyenifuata. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimfikiria marehemu Clement Michael George Argwings-Kodhek.

Vijana wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya barabara ya Hurlingham. Mwenye jina alizaliwa Gem, katika Nyanza, mwaka 1923. Alisomea ualimu Makerere, akashika chaki, kisha mwaka 1947 akaenda Uingereza kusomea sayansi za jamii. Serikali ya kikoloni haikupenda kuona Mwafrika akisomea sheria, lakini Kodhek aliigeukia sheria vivyo hivyo. Mwaka 1951 alipokelewa kuwa wakili katika Lincoln's Inn, London, akawa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuvaa joho hilo. Aliporejea, alitakiwa afanye kazi serikalini kwa mshahara ulio duni kuliko wa Mzungu mwenye cheo kama chake. Alikataa, akafungua afisi yake mwenyewe.

Ili tumwelewe, sharti tukumbuke karatasi ilikuwa na maana gani kwa Mwafrika wa wakati huo. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kuvishwa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, karatasi zilizidi kuwa kitanzi. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika msako wa Anvil, na mitaa hii yetu ya Mashariki ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Asiyekuwa na cheti kilichotakiwa alipakiwa kwenye lori, akapelekwa kizuizini. Kumlisha mtu kiapo cha Mau Mau kulikuwa kosa la kunyongwa, na kabla ya vita kwisha watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamepelekwa kitanzini.

Hao ndio Kodhek aliowasimamia mahakamani. Mbele ya hakimu Mzungu, mbele ya sheria zilizotungwa ili mshtakiwa asiponyoke, alidai kila shahidi aulizwe na kila neno lipimwe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mara ya kwanza watu wa tabaka letu waliona karatasi ikitumiwa kuwakinga.

Mwishoni mwa 1955 aliunda chama cha Nairobi District African Congress, maana wakati huo Waafrika waliruhusiwa vyama vya wilaya peke yake. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao kura zake zilitolewa kwa kupima elimu na mali ya mtu, alishindwa na Tom Mboya. Hakuvunjika moyo. Mwaka 1963 aliingia Bunge kwa niaba ya Gem, baadaye akawa waziri. Alifariki tarehe 29 Januari 1969 katika ajali ya gari, katika barabara ambayo leo ina jina lake.

Leo mawakili wetu ni maelfu. Anayetaka kuwa mthibitishaji wa hati wa umma, ambaye muhuri wake huaminiwa hata ng'ambo, lazima kwanza awe wakili, afanye kazi hiyo kwa miaka, kisha aombe idhini ya Jaji Mkuu. Wanafunzi wangali wakiniuliza cheo hicho hupatikana vipi, na hayo ndiyo majibu ya sheria. Lakini muhuri si mpira na wino tu. Ni ushuhuda kwamba mtu fulani alisimama mbele yangu, nikamtazama, nikamsikia akiapa. Anayeugonga bila kutazama ameshuhudia asiloliona, na siku moja hati ya namna hiyo itamnyang'anya mjane kiwanja chake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba daftari bila uaminifu huipoteza mali upesi zaidi. Walimu wenzangu, tunapowahimiza vijana wasomee sheria, tusiwaonyeshe joho na gari peke yake. Tuwasimulie habari za mwalimu wa Gem aliyeukataa mshahara wa dharau, akaenda kumsikiliza mtu ambaye hakuna mwingine aliyetaka kumsikiliza.