Alexander Mackay wa Usambiro: Mwalimu Aliyewaandaa Wahubiri bila Chuo

Katika vyuo vyetu vya ualimu swali moja huulizwa kila mwaka, nalo halizeeki: je, mtu huandaliwa kwa kazi yake kwa vitabu, au kwa mikono, au kwa vyote viwili? Swali hilo si la walimu peke yao. Liliulizwa pia na wale waliotaka kujiandaa kwa utumishi wa dini, tangu siku za kwanza za usomaji wa Biblia katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Katika makala hii tutaeleza maisha ya Alexander Murdoch Mackay, aliyefariki mwaka 1890 mahali palipoitwa Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo imo ndani ya ukanda wa Geita, Mwanza na Shinyanga. Wengi humkumbuka kwa vyuma na mashine zake. Sisi tutamtazama kama mwalimu.

Utoto na masomo

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, nchini Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu msomi, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe nyumbani mpaka alipofikia umri wa miaka 14. Yafaa mwanachuo aijue mbinu moja ya mzee huyo. Walipokuwa wakitembea pamoja, alikuwa akisimama na kuchora ardhini kwa fimbo yake mkondo wa mto Zambezi, au njia aliyopita David Livingstone, ili mtoto aione jiografia badala ya kuisikia tu. Hapakuwa na ubao wala chaki. Palikuwa na mchanga, fimbo na mwalimu aliyeyajua mambo anayoyasema.

Mtoto alipenda vitabu, lakini alipenda pia kuzunguka kwenye karakana za mafundi na kutazama kazi zao. Aliwahi kuwa na mtambo mdogo wa kupigia chapa, akajifunza kupanga herufi angali mdogo. Baba yake alitumaini kwamba angesomea theolojia na kuwa mchungaji kama yeye. Kijana alichagua njia nyingine. Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu cha Kanisa Huru mjini Edinburgh, akasoma huko miaka miwili. Baadaye alisomea uhandisi katika mji huohuo, huku akifundisha ili ajipatie riziki, na mwaka 1873 alikwenda Berlin, Ujerumani, akafanya kazi ya kuchora ramani za mashine.

Huko Berlin ndiko alikoamua kuwa mmisionari, lakini mmisionari fundi. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda Madagaska. Mwishoni mwa mwaka 1875 gazeti moja la Uingereza lilichapisha barua ya msafiri Henry Stanley, iliyoeleza kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa tayari kupokea walimu. Stanley alitaka watu wanaoweza kufundisha kwa maneno na kwa kazi za mikono pia. Mackay aliomba nafasi katika chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, C.M.S., akakubaliwa mwanzoni mwa mwaka 1876. Katika hotuba yake ya kuagana aliwatahadharisha viongozi wa chama kwamba huenda kabla ya miezi sita kupita wangesikia kuwa mmoja wao amekufa, akawasihi wasikate tamaa bali wapeleke mwingine mara moja. Maneno hayo yalitimia.

Safari ya kwenda ziwani

Wamisionari walikuwa wanane. Mackay aliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, akafika Unguja mwishoni mwa Mei. Alipokuwa njiani kwenda bara aliugua sana, akarudishwa pwani. Hakukaa bure: mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Desemba mwaka huohuo wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. Alipofika Kageye, kwenye pwani ya kusini ya ziwa, Juni 1878, alikuta mashua yao ikiwa mbovu na mizigo imetawanyika. Aliitengeneza mashua, kisha akavuka, akafika Buganda Novemba 1878. Kati ya wale wanane, ni yeye na mchungaji C. T. Wilson tu waliobaki kazini. Wengine walikuwa wamekufa au wamerudi kwao kwa maradhi.

Namna alivyofundisha kusoma

Hapa ndipo mwalimu mtarajiwa apaswapo kutua na kutazama kwa makini. Mackay alikuwa na watu wengi waliotaka kusoma, na vitabu vichache mno. Tena hapakuwa na kitabu kilichochapwa kwa Kiganda. Alifanya mambo matatu.

Kwanza, alianzia kwenye lugha iliyokuwa na maandishi tayari. Askofu Edward Steere wa Unguja alikuwa amekwisha kufasiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili, na watu wengi wa ikulu ya Mutesa walikifahamu Kiswahili kwa sababu ya biashara ya pwani. Basi wanafunzi wa kwanza walisoma Kiswahili, huku mwalimu akijifunza Kiganda kutoka kwao.

Pili, alitengeneza zana mwenyewe. Alichonga herufi kubwa za mbao, akapiga chapa karatasi zenye alfabeti na silabi, ili wanafunzi kadhaa waweze kuzunguka karatasi moja na kusoma kwa pamoja. Mwenye kufundisha darasa la kwanza leo, lenye watoto wengi na vitabu vya kuhesabika, atalitambua tatizo hilo na atatambua dawa yake.

Tatu, alifasiri pamoja na wanafunzi wake. Injili ya Mathayo kwa Kiganda haikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Vijana walikaa naye, wakapima neno moja baada ya jingine, wakabishana juu ya maana. Kwa kufanya hivyo walikuwa wakisoma theolojia bila kujua kwamba ndivyo iitwavyo, kwani mtu hawezi kufasiri maneno kama neema, toba au ufalme bila kwanza kuyafikiri mpaka mwisho wake.

Matokeo yalionekana mapema. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera alimwandikia barua ya kuomba ubatizo. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa unyasi uliochongwa ncha na wino wa kujitengenezea. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza walibatizwa. Mackay hakuwabatiza yeye, maana hakuwa kasisi, wala hakupata kuwa kasisi maisha yake yote. Aliyewabatiza ni mchungaji Philip O'Flaherty. Waumini wa siku hizo waliitwa kwa Kiganda wasomaji. Jina hilo latuonyesha jinsi kusoma na kuamini vilivyokwenda pamoja.

Kasoro zake

Si vema kumsimulia mtu kana kwamba hakuwa na doa. Mackay alikuwa mwepesi wa kubishana. Mapadre Wakatoliki walipofika Buganda mwaka 1879, yeye na wao walishindana mbele ya Kabaka, na vilevile alishindana na Waislamu waliokuwapo ikuluni kabla yake. Mabishano hayo yaliwachosha wasikilizaji na kupanda mbegu za faraka ambazo baadaye zilizaa vita. Mwalimu anayetaka kumshinda mwenzake mbele ya wanafunzi huwafundisha wanafunzi kushindana, hata kama somo lenyewe lilikuwa la amani.

Siku za dhiki

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga. Januari 1885 vijana watatu wa misioni waliuawa. Oktoba mwaka huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga alipokuwa akielekea Buganda. Mwaka 1886 wasomaji wengi, Wakatoliki na Waanglikana, waliuawa; wanaokumbukwa kwa majina ni 45, na wengi wao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mackay na mwenzake Robert Ashe walipiga chapa waraka mfupi wa kuwatia moyo waliojificha, ukapita mkono kwa mkono. Ashe alipoondoka mwaka huohuo, Mackay alibaki peke yake karibu mwaka mzima.

Mafunzo yake yalipimwa wakati huo. Madarasa yalivunjika, na askofu alikuwa ameuawa. Lakini wasomaji walikuwa na karatasi zao, walikuwa na wazee wa kanisa waliochaguliwa miongoni mwao mwaka 1885, na kila aliyejua kusoma aliweza kumfundisha asiyejua. Kazi haikufa kwa sababu haikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Usambiro

Julai 1887 Mackay alilazimika kuondoka Buganda, akavuka ziwa hadi Usambiro, karibu na ncha ya kusini ya ghuba ndefu ipenyayo nchi kavu kutoka Mwanza. Mahali hapo hapakuwa na afya njema. Machi 1888 Askofu Henry Parker alifariki hapo, na mwezi huohuo mmisionari mwingine, Blackburn, alifariki pia. Mackay alijenga nyumba zenye kuta nene za udongo, karakana, zizi na uzio, akaendelea kufasiri, kupiga chapa na kuwafundisha vijana waliokuwa pamoja naye.

Mwishoni mwa Agosti 1889 Stanley alifika hapo na msafara wake, akitoka kumchukua Emin Pasha. Aliyoyaona ameyaeleza kwa mshangao: rafu za vitabu ukutani, karakana yenye vipande vya mashine, mtungi wa mashua ya mvuke ukifuliwa na wahunzi, mbao za kupasuliwa, mifugo, na wavulana wakubwa kwa wadogo wenye afya na nidhamu. Kitabu na nyundo vilikaa chini ya paa moja. Stanley alimshauri aende naye pwani akapumzike baada ya miaka zaidi ya 13 bila likizo. Alikataa, kwa kuwa hapakuwa na wa kushika nafasi yake.

Katika miezi hiyo ya mwisho aliandika shauri ambalo kwetu sisi walimu lina uzito kuliko mashine zake zote. Alipendekeza kwamba badala ya kutawanya wamisionari wachache kila mahali, wakafa mmoja mmoja, vichaguliwe vituo vichache vyenye hewa nzuri, vijengwe vyuo imara na kuwekewa walimu hodari, ili Waafrika waandaliwe humo kuwa walimu na wahubiri kwa watu wao wenyewe. Aliona kwamba mgeni hawezi kuifundisha Afrika. Kazi yake ni kuwaandaa watakaoifundisha. Naye aliyesema hayo alikuwa amepita chuo cha ualimu, akajua tofauti ya kuwa na elimu na kuwa na uwezo wa kuitoa.

Hakuuona utekelezaji wake. Mwezi wa Februari 1890 homa ya malaria ilimshika, akafariki baada ya siku chache, akiwa na umri wa miaka 40. Kazi ya mwisho aliyokuwa nayo mezani ilikuwa kufasiri Injili ya Yohana, sura ya 14. Alizikwa Usambiro, na mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Yaliyofuata

Januari 1891 Askofu Alfred Tucker aliwaweka rasmi Waganda sita kuwa wahubiri. Mmoja wao alikuwa Sembera; mwingine Henry Wright Duta. Sembera aliuawa katika vita vya mwaka 1892. Duta alikuwa miongoni mwa mashemasi wa kwanza mwaka 1893 na makasisi wa kwanza mwaka 1896, naye alishirikiana na George Pilkington katika kufasiri Biblia nzima ya Kiganda, iliyokamilika mwaka huo wa 1896. Chuo cha theolojia cha Mukono kilianzishwa mwaka 1913. Upande wetu wa ziwa, kituo cha Nassa kilichokuwa cha C.M.S. kilikabidhiwa kwa misioni ya A.I.M. mwaka 1909, nayo ikaendeleza kazi Usukumani hata Kolandoto, Shinyanga.

Tazama mfuatano huo. Wahubiri walikuwapo kabla ya chuo. Walisoma kwa kufasiri, kwa kufundishana na kwa kusimama imara siku ya hatari. Hata hivyo mwalimu wao hakusema kwamba chuo hakihitajiki. Alitumia nguvu zake za mwisho kukiombea kijengwe, kwa sababu aliona jinsi kazi ilivyoyumba kila mtu mmoja alipokufa.

Kwa mwalimu mtarajiwa

Utakapopangiwa shule kijijini, iwe Geita, Kahama au Kishapu, huenda ukakuta vitabu havitoshi na mwenzako mmoja tu wa kusaidiana naye. Usingoje. Andika silabi kubwa zinazoonekana na mtoto wa nyuma. Anza na lugha aliyo nayo mtoto, ujifunze kwake maneno usiyoyajua. Mpe aliyekwisha kujua kusoma kazi ya kumsaidia asiyejua. Kisha, kila mwisho wa muhula, jipime kwa swali ambalo maisha ya Mackay yanatuachia: kama nikihamishwa kesho, ni nani katika darasa hili atakayeweza kuendelea?

Jibu likiwa hakuna, basi vitu vyote vilivyomo darasani, hata viwe vizuri namna gani, bado ni vyako peke yako.