Garvey na Jina Lililongoja Miaka 101

Hivi majuzi alinijia ofisini kijana niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita. Alifuzu vyema, lakini kila mwajiri humtaka cheti cha tabia njema, na kila mara cheti hicho humrudisha nyumbani mikono mitupu. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alinaswa na polisi akiuza chang'aa, akatozwa faini, akailipa. Aliniuliza iwapo deni likishalipwa huendelea kuwa deni. Badala ya kumjibu, nilimsimulia maisha ya Marcus Garvey.

Garvey alizaliwa mwaka 1887 mjini St. Ann's Bay, Jamaika. Mwaka 1914 aliasisi chama cha kuwaunganisha watu weusi popote walipo, na miaka miwili baadaye akahamia Marekani. Gazeti lake, Negro World, lilipigwa marufuku katika makoloni kadhaa ya Afrika. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya meli, Black Star Line, na watu wa kipato cha chini wakanunua hisa zake kwa dola 5 kila moja.

Kampuni hiyo iliendeshwa ovyo, hilo halifichiki. Meli zake zilikuwa kuukuu na zilinunuliwa ghali. Hata hivyo, Garvey hakushtakiwa kwa uzembe. Alishtakiwa kwa kutumia posta kuwalaghai wanunuzi wa hisa, kwa kuwa tangazo la kampuni lilikuwa na picha ya meli ambayo kampuni haikuwa nayo. Ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa bahasha tupu, na aliyetumiwa hakukumbuka kilichokuwamo. Washtakiwa wenzake watatu waliachiliwa. Yeye, aliyemwachisha kazi wakili wake na kujitetea mwenyewe, alihukumiwa mwezi Juni 1923 kifungo cha miaka 5.

Mwezi Novemba 1927, Rais Calvin Coolidge alimpunguzia kifungo hicho. Hapa mwanaisimu hana budi kutua, kwani kupunguziwa kifungo si kufutiwa hatia. Mlango wa gereza ulifunguliwa, lakini hatia ilitoka pamoja naye. Kwa kuwa alikuwa mgeni mwenye hatia, alipandishwa melini na kurejeshwa Jamaika, asiruhusiwe tena kuishi Marekani walikokuwa maelfu ya wafuasi wake. Alifariki London mwaka 1940. Mwaka 1964 Jamaika, iliyokuwa imejipatia uhuru, iliirejesha maiti yake nyumbani na kumtangaza shujaa wa taifa. Lakini katika madaftari ya mahakama ya Marekani aliendelea kuwa mlaghai.

Mwanawe, Dkt. Julius Garvey, aliyekuwa na umri wa miaka 6 babake alipofariki, alipigania jina hilo hadi akapita miaka 90. Tarehe 19 Januari 2025, siku moja kabla ya kuondoka madarakani, Rais Joe Biden alimsamehe Garvey. Ilikuwa imepita miaka 101 tangu hukumu.

Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini neno kusamehe lina mtego wake. Katika Kiswahili, anayesamehewa ni aliyekosa. Msamaha wa rais huondoa madhara ya hatia. Hausemi kwamba hukumu yenyewe haikufaa. Kufutiwa hukumu ni jambo jingine, na kusahauliwa kwa kosa ni jambo la tatu. Tukiyachanganya maneno haya, tutawachanganya na watu.

Kijana wangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba Garvey alisamehewa miaka 84 baada ya kufa. Yeye anataka kazi mwaka huu.

Anasema kweli. Kifungu cha 133 cha Katiba yetu kinampa Rais uwezo wa kusamehe, lakini maskini aliyeuza chang'aa hana wa kumpigania kama alivyopiganiwa Garvey. Rai yangu ni kwamba kosa dogo lisilodhuru mwili wa mtu liwekewe muda na sheria. Aliyetimiza adhabu yake na kuishi miaka kadhaa bila kosa jingine apate cheti safi, bila kumpigia yeyote magoti. Nasi walimu, tunaosisitiza kwamba mwanafunzi aliyeanguka mtihani aruhusiwe kuurudia, tuwe wa kwanza kulidai hilo.