Elijah McCoy

Elijah McCoy (1844 – 10 Oktoba 1929) alikuwa mhandisi na mvumbuzi mwenye asili ya Afrika, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kifaa cha kutia oili kwenye injini ya mvuke bila kuisimamisha.

Maisha

Alizaliwa Colchester, Ontario. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa waliotoroka kutoka Kentucky. Akiwa na miaka 15 alipelekwa Edinburgh, Uskoti, akasomea uhandisi wa mitambo. Aliporudi alikaa Michigan, lakini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi hakupata kazi ya uhandisi. Kampuni ya reli ya Michigan Central ilimwajiri kuchochea moto na kutia oili kwenye injini za treni.

Uvumbuzi

Wakati ule treni zililazimika kusimama mara kwa mara ili zitiwe oili kwa mkono. Mwaka 1872 McCoy alipata hataza ya kifaa kilichotumia nguvu ya mvuke kupeleka oili kwenye silinda wakati injini ikifanya kazi. Alipata hataza zipatazo 57, nyingi zikihusu ulainishaji. Mwaka 1920 alianzisha kampuni yake mjini Detroit.

Mwaka 1922 yeye na mkewe Mary walipata ajali ya gari; Mary alifariki mwaka uliofuata. McCoy alifariki Michigan mwaka 1929.

Ulainishaji leo

Katika injini za leo pampu husukuma oili, na gasketi na sili huizuia isitoke. Lori linalopanda Kitonga kuelekea Iringa na Mbeya likipungukiwa oili, vyuma husagana na injini inaweza kukwama.

Fundi anayetafuta chanzo cha kuvuja husafisha injini kwanza, huiwasha, kisha huikagua kuanzia juu. Oili hutiririka chini na kupeperushwa nyuma, hivyo tone lililo chini ya sampu laweza kuwa limetoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu. Sababu nyingine ni sili ya krenki iliyochakaa, bolti ya kumwagia oili iliyolegea, au bomba la kupumulia lililoziba. Bomba likiziba, shinikizo hupanda ndani ya injini na kusukuma oili nje hata kupitia sili mpya. Ndiyo maana kubadilisha sili peke yake hakutoshi.