Joseph Murumbi, Mkusanyaji Aliyeiuzia Nchi Yake

Likitajwa jina la marehemu Joseph Murumbi, wengi wetu hukumbuka jambo moja tu: kwamba alikuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, na kwamba kiti hicho alikikalia kwa miezi michache kisha akakiacha kwa hiari yake. Ni kweli, wala si jambo dogo. Wanaoingia katika ukubwa ni wengi. Wanaotoka kwa miguu yao wenyewe ni wa kuhesabiwa.

Lakini mimi namsimulia leo kwa sababu nyingine. Mimi ni fundi wa mitambo ya zamani, mzaliwa wa Pwani niliyefanya maskani Kitengela, na riziki yangu ni kufufua vyombo vilivyokufa na kuwauzia wakusanyaji wa vitu vya kale. Nauza redio za mbao, santuri na, siku hizi, hata kompyuta za kwanza kwanza za nyumbani. Katika kazi hii sijapata kusikia habari ya muuzaji iliyonipa mafunzo kama habari ya bwana huyu.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa Mgoa, mfanyabiashara wa jina la Zuzarte. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa oloiboni. Sisi tunaoishi na Wamaasai hapa Kajiado twajua uzito wa neno hilo. Oloiboni si mganga wa kupiga ramli tu. Ni mtu wa ibada na mshauri ambaye watu humwendea kabla ya safari kubwa na kabla ya vita. Basi mtoto huyu alizaliwa na damu mbili, moja ya ng'ambo ya bahari na moja ya nyika. Jambo hilo halitushangazi sisi watu wa Pwani, ambao mababu zetu waliletwa na pepo za kaskazi na kusi.

Akiwa bado mdogo alipelekwa India kusoma. Aliishi huko miaka mingi, akarejea Kenya mwaka 1933 akiwa kijana mzima. Siku hizo serikali ya kikoloni ilimpima mtu kwa rangi yake: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Kijana mwenye jina la Zuzarte angeweza kujikalia katika daraja ya kati na kupata mshahara wa daraja hiyo. Yeye alichagua upande wa mama yake. Akalichukua jina la Murumbi, akawa Mwafrika kwa kuzaliwa na kwa kukusudia pia.

Katika miaka ya 1940 alifanya kazi ya serikali huko Somalia, nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza. Aliporudi akajiunga na chama cha KAU. Oktoba 1952 Mzee Kenyatta na wenzake walipokamatwa na hali ya hatari kutangazwa, chama kilibaki bila viongozi. Murumbi akashika kazi ya katibu katika wakati ambao kushika kazi hiyo kulikuwa sawa na kujiandikia hati ya kifungo. Alisaidia katika kuwatafutia mawakili walioshitakiwa Kapenguria. Mwaka 1953 akatoka nchini kwenda kuitetea Kenya ng'ambo, na hakurudi mpaka karibu miaka kumi ipite.

Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliishi London, na huko ndiko alikokolea ugonjwa wake mzuri wa kukusanya. Hakuwa tajiri. Lakini London ya wakati ule ilikuwa imejaa vitabu vya zamani kuhusu Afrika, ramani, stempu na kazi za mikono zilizoletwa na maofisa, wamisionari na wasafiri. Warithi wao walikuwa wakiviuza madukani na mitaani, mara nyingine kwa bei ya kutupa. Murumbi alikuwa akivinunua kimoja kimoja. Huko huko alikutana na Sheila, Mwingereza aliyekuwa mtunzaji wa maktaba, wakaoana. Mume wa kukusanya alimpata mke wa kupanga. Mwenye kujua kazi hii ataona kuwa hiyo ni bahati kubwa, maana mkusanyo usiopangwa ni lundo tu.

Alirejea Kenya mwaka 1962. Uhuru ulipopatikana akawa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 akateuliwa Makamu wa Rais baada ya Bwana Oginga Odinga kujiuzulu. Mwaka huo huo akaacha. Mengi yamesemwa juu ya sababu yake. Waliomjua wanaitaja huzuni iliyompata rafiki yake mpenzi, Pio Gama Pinto, alipouawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Wanataja pia jinsi alivyochukizwa na tamaa ya mali iliyokuwa imeanza kuwaingia wakubwa. Aliingia katika shughuli za kampuni, na nguvu zake nyingi akazirudisha kwenye vitu vyake vya kale.

Pamoja na Mmarekani Alan Donovan alianzisha duka na ukumbi wa African Heritage mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapo vitu vya sanaa kutoka pande zote za Afrika vilionyeshwa na kuuzwa kwa heshima, wala si kama vikorokoro vya watalii. Nyumba yake mtaa wa Muthaiga ikajaa nguo, mapambo, vinyago, silaha, stempu na vitabu. Vile vitabu adimu peke yake, vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, vilizidi 8,000.

Sasa twafika mahali panaponihusu mimi na kila muuzaji.

Habari za mkusanyo huo zilivuka bahari, na kutoka ng'ambo zikaja ahadi za fedha nyingi. Murumbi alikataa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyo wake pamoja na nyumba, kwa bei ya chini kuliko ile ambayo angeweza kupata kwa wageni. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ile ya Muthaiga iwe chuo cha elimu ya Afrika, vitu vikae pale pale, na wanafunzi waje kuvisoma.

Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa uzito wa uamuzi huo. Sisi tumewaona Wamijikenda wakiamka asubuhi na kukuta vigango vya wazee wao vimeng'olewa makaburini. Vigango vile vilipita mikononi mwa wauzaji, vikaishia katika majumba ya makumbusho na vyumba vya matajiri wa Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyokuwa vimeibwa mwaka 1985 vilirudishwa kwa wenyewe, baada ya miaka ishirini na zaidi ya kutafutwa. Kitu kikishavuka bahari, kukirudisha ni kazi ya kizazi kizima. Lakini siwa ya Pate, ile ya pembe, na ile ya shaba ya Lamu zimo katika makumbusho ya Lamu hadi leo, na mtoto wa Langoni aweza kwenda kwa miguu akazitazama. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Murumbi aliilipia kwa fedha zake mwenyewe.

Je, alilipwa kwa wema? Hapa hadithi inaingia uchungu. Vitabu na vitu vilichukuliwa vikatunzwa, lakini chuo hakikujengwa. Nyumba ya Muthaiga ilibomolewa na ardhi yake ikakatwa viwanja. Miti ya asili aliyoipenda ikaangushwa. Yeye mwenyewe alikuwa amehamia shambani Transmara, katika nchi ya watu wa mama yake, na afya yake ilikuwa imekwisha dhoofika. Waliokuwa karibu naye husimulia kuwa alipopaona mahali pale palivyofanywa, moyo wake haukupona tena. Alifariki Juni 1990.

Katika dini yetu twalijua jambo la wakfu. Mtu hutoa nyumba au shamba, faida yake iende kwa msikiti au mayatima, na mali yenyewe isiuzwe wala isirithiwe. Twajua pia kwamba wakfu huliwa, pale waangalizi wanapokuwa wamelala au wameshiba. Makubaliano ya Murumbi hayakuwa wakfu kwa sheria, lakini kwa maana yake yalifanana nao. Aliyetoa alitimiza, aliyepokea alitimiza nusu.

Nilipoyajua haya, yalinibadilisha namna ya kuuza. Nitatoa mfano mmoja. Mjini Kajiado mama mmoja mjane alikuwa akiuza vitu vya marehemu mumewe. Kati ya hivyo nilinunua kompyuta ya Commodore 64, ambayo mumewe aliileta kutoka ng'ambo katika miaka ya 1980. Mtambo huo ulitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Ukubwa wake ni wa kibao cha herufi tu, huunganishwa na televisheni ya kawaida, na programu zake huingizwa kwa kanda kama za nyimbo. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64. Picha moja ya simu ya leo haienei humo.

Transfoma za mashine hizi zina sifa mbaya. Zikizeeka hupitisha umeme mwingi kupita kiasi na kuunguza vipande vya kumbukumbu. Sikuichomeka. Niliweka transfoma mpya, nikabadilisha kapasita zilizovuja na kipande kimoja cha kumbukumbu kilichokufa, nikasafisha vitufe kimoja kimoja kwa spiriti. Ganda lake lililokuwa manjano kwa uzee nililipaka dawa ya kung'arisha na kulianika juani, na jua la Kitengela halina choyo. Siku ilipowaka na kutoa mwandiko wake kwenye kioo cha buluu, majirani walikuja kutazama kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Wanunuzi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Ulaya, naye alitaja bei karibu mara tatu ya mwenzake. Wa pili alikuwa mkusanyaji wa hapa hapa Kajiado, mwenye chumba anachowafungulia wanafunzi siku za Jumamosi. Nilimuuzia wa pili. Sisemi kila fundi afanye hivyo. Wengine wana watoto wa kusomesha na kodi ya kulipa, nami ninazo. Tena kompyuta iliyotengenezwa kwa mamilioni si kigango wala si siwa. Lakini mashine kama hizi ndizo zilizowafunza vijana wa ulimwengu mzima kuandika programu, na hapa kwetu zilifika chache. Kijana wa Kajiado anayetaka kujua kazi hiyo ilianzaje atakwenda wapi, ikiwa kila moja ninayoifufua naipandisha ndege?

Tuliandikiana karatasi mbili. Ya kwanza inaeleza kila kitu nilichobadilisha, kwa maana kuficha kasoro ya bidhaa ni haramu, na mkusanyaji ana haki ya kujua kipi ni cha asili na kipi ni changu. Ya pili inasema kwamba mashine itawashwa wanafunzi waione, na kwamba akitaka kuiuza ataanza kuuliza shule na makumbusho ya hapa nchini. Tuliweka sahihi mbele ya mashahidi wawili. Karatasi hiyo ya pili ni Murumbi aliyenifunza, kwa wema wake na kwa yaliyompata.

Wala tusidhani kwamba jasho lake lilipotea. Anayefika Nairobi aingie katika Jumba la Nyaraka za Taifa, lile la Moi Avenue lililokuwa benki zamani. Ghorofa ya chini yote inaitwa kwa jina la Murumbi, na vitu vyake vimo. Vingine vimo katika Nairobi Gallery, iliyokuwa afisi ya Mkuu wa Mkoa. Na ng'ambo ya mbuga kutoka kwetu Kitengela, upande wa Mlolongo, imesimama African Heritage House ya marehemu Donovan, aliyefariki mwaka 2021. Kuta zake zimejengwa kwa mfano wa misikiti ya udongo ya Mali.

Murumbi mwenyewe amelala City Park, Nairobi, karibu na Pinto kama alivyotaka, na mkewe Sheila ubavuni mwake. Kuzunguka kaburi lake vimewekwa vinyago vya mafundi wa Kiafrika. Mtu yeyote aweza kuingia akavitazama.