Samora Machel: Kiongozi aliyebeba misiba mitatu ndani ya vita

Ukanda wa pwani kati ya Mto Ruvuma na mji wa Mocímboa da Praia umerudi katika habari za kanda tangu Oktoba 2017, wapiganaji wenye silaha walipouvamia mji huo. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Maelfu ya familia zilikimbia, baadhi kwa mashua, na viongozi wa Maputo, wa SADC na wa nchi jirani walitakiwa kuamua haraka huku wananchi wakiwa na hofu na hasira. Jimbo hilo la Cabo Delgado lilishawahi kumpima kiongozi mwingine kwa namna hiyo: Hayati Samora Moisés Machel.

Samora alizaliwa Septemba 29, 1933 huko Chilembene, Gaza, kusini kabisa mwa Msumbiji. Alisomea uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Mwaka 1963 alitoroka, akafika Dar es Salaam na kujiunga na FRELIMO, kisha akapelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi. Vita vilianza Septemba 25, 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado.

Msiba wa kwanza ulikuja Oktoba 1966, mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, Filipe Magaia, alipouawa kwa risasi ya mpiganaji wa upande wake mwenyewe. Samora alikabidhiwa nafasi hiyo akiwa na jeshi lililojaa shaka.

Mgogoro mkubwa zaidi uliibuka Cabo Delgado kwenyewe. Mwenyekiti wa jimbo, Lázaro Nkavandame, alivutana na makao makuu kuhusu biashara na madaraka. Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka mpaka kutoka Tanzania. Nkavandame alivuliwa uongozi Januari 1969. Februari 3 mwaka huo, Rais wa FRELIMO, Dk. Eduardo Mondlane, akauawa jijini Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwezi uliofuata Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno na kuwataka Wamakonde waweke silaha chini.

Ilikuwa rahisi wakati huo kugeuza uchungu kuwa chuki ya kabila au ya rangi, na ndani ya chama wapo waliotaka hivyo. Samora alikataa. Alishikilia kuwa adui ni mfumo wa ukoloni, si Mreno kwa sababu ni Mreno, wala Mmakonde kwa sababu Nkavandame ni Mmakonde. Mateka wa Kireno walitunzwa, na baadhi yao waliachiwa. Wapiganaji wengi wa Cabo Delgado walibaki mstari wa mbele.

Mei 1970 Samora alichaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO. Wiki chache baadaye Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha Operesheni Fundo la Gordian, akiwaelekeza askari wapatao 35,000 kwenye ngome za kaskazini, zikiwemo za uwanda wa Mueda. Samora hakujibu kwa ghadhabu. Wapiganaji walitawanyika katika vikundi vidogo, wakaziacha kambi zilizokuwa zikilengwa, na nguvu zaidi zikapelekwa Tete. Wareno waliteka kambi bila kumaliza vita.

Msiba wa tatu uliingia nyumbani kwake. Mkewe, Josina, aliyefunga naye ndoa mwaka 1969, alikuwa akitembelea maeneo ya vita kuhamasisha wanawake na kupanga malezi ya yatima. Alirudi mgonjwa kutoka Cabo Delgado, akafariki Aprili 7, 1971 jijini Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mtoto mdogo wa kiume. Samora hakuficha huzuni yake. Alimwandikia shairi la maombolezo, akaendelea na kazi. Leo Aprili 7 ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Mei 1975 Samora aliingia Cabo Delgado kutoka Tanzania na kuanza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo. Uhuru ulitangazwa Juni 25.

Hata hivyo, utulivu huo haukudumu kila mahali. Nkavandame na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, walishikiliwa na baadaye kuuawa bila kesi mahakamani. Mwaka 1983 Operesheni Uzalishaji iliwaondoa maelfu ya watu mijini kwa nguvu na kuwapeleka maeneo ya mbali, hasa Niassa. Kiongozi aliyezuia kisasi akiwa porini alishindwa kukizuia akiwa ikulu.

Samora alifariki Oktoba 19, 1986 katika ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, pamoja na zaidi ya watu 30.

Kwa wanaoshughulikia Cabo Delgado sasa, maisha yake yana funzo la pande mbili. Vijana wa Kimwani na Kimakonde wa pwani hawapaswi kubebeshwa hatia ya wachache wanaozungumza lugha yao, na namna wanavyotendewa wanaokamatwa leo ndiyo itakayoamua kama vita hivyo vitakwisha au vitarithiwa.